Daftari la Mvua, Hoima

Saa tatu kamili asubuhi, kabla chai haijapoa,
naenda kusoma mvua.
Kopo la shaba, faneli, kioo chenye mistari:
kazi yangu ni kuinama na kusema kweli.
Sita nukta mbili. Kumi na tisa. Sifuri.
Sifuri nayo huandikwa,
alisisitiza Adyeri siku aliyonikabidhi ufunguo,
maana pengo si ukame,
pengo ni uvivu.

Walikuja watu watatu kukagua uwanja mpya.
Mmoja alivaa viatu vyeupe, ndiye aliyeuliza:
“Mwezi gani kwenu hainyeshi?”
Akalitamka “kwenu” kama mtu anayeulizia choo.
Nikamfungulia miaka kumi na saba.
Nikamwonyesha Juni yenye vumbi, Julai yenye kikohozi,
Oktoba inayofurisha Wambabya
hadi vyura wanalala barazani kwa watu.
Akapiga picha jalada.

Jalada tu.

Sasa sikia majira yanavyotengenezwa:
ni mbali, ni chumba chenye kiyoyozi na meza ndefu,
kuna ligi za nchi za baridi zisizotaka kuachia wachezaji wao,
kuna runinga inayotaka jioni yake iwe jioni ya kila mtu,
kuna joto la jangwa linaloogopwa,
theluji inayoheshimiwa.
Mvua ya Bunyoro haikualikwa.
Haina wakala.

Ratiba ikasema Juni.
Mpwa wangu Kabatooro akasogeza harusi hadi Januari.
Asaba akapaka rangi chumba cha nyuma,
akaandika mlangoni WAGENI.
Ratiba ikahamia Januari. Harusi ikarudi Juni
pamoja na mbuzi wa mahari, ambaye sasa alikuwa amezaa.
Kisha minong’ono: labda Machi.
Bwana harusi akanijia mimi, kana kwamba ndimi karani wa kamati:
“Shangazi Akiiki, hawa watu wanacheza lini?”
Mwanangu, mimi najua mvua tu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone,
tulisema hivyo barabara ilipomwagwa lami,
na kweli, tumepona vumbi.
Lakini mwenyeji asiyeulizwa chakula kitaiva saa ngapi,
huyo ni mwenyeji
au ni mpishi?

Araali wa mashine ya kukata nyasi haliamini daftari.
Anaamini mchanga.
Chini ya uwanja, anasema, wamelaza changarawe
na mabomba yenye matundu kama zumari,
maji yatazama kabla refa hajatazama saa.
“Na mbingu zikisahau kuacha?”
Akacheka, akapangusa kisu cha mashine kwa shati.
“Basi Ziwa Albert litapata mdogo wake.”

Jana, Oktoba ikiyoyoma, shule mbili zilicheza
kwenye kiwanja cha zamani nyuma ya ghala la tumbaku.
Hakuna bomba, hakuna changarawe,
ng’ombe wawili wanalinda kona.
Mvua ilitokea upande wa ziwa dakika ya ishirini,
haikupiga hodi.
Mpira ukakwama dimbwini mbele ya goli tupu
na watoto wakaukimbilia, wa huku na wa huku,
wakateleza, wakaurundikia miili yao,
wakacheka hadi kipa naye akaja kuchekea pale pale.
Mwalimu Byakagaba akapuliza filimbi iliyojaa maji.
Haikulia.
Hakuna aliyeahirisha kitu.
Nilisimama chini ya bati la ghala, miguu imeloa,
nikiwa sijui mwaka upi nilipiga kelele vile mara ya mwisho.

Leo saa tatu nimeinama kama kawaida.
Nimeandika kwa kalamu ya bluu,
halafu pembeni, mahali pasipo na safu,
nimeongeza kitu ambacho ofisi haijawahi kukiomba:

Mvua, arobaini na moja nukta nane.
Mabao, sifuri.