Jino la Kabuku

Tulitoka Chumbageni jua halijapanda ukuta wa jirani,
gari la mkopo, dirisha la nyuma haliteremki,
mlango wa kushoto unafunguliwa kwa nje,
tena kwa adabu.
Nyuma Hiza na Batuli, na katikati yao Kibwana,
tumempanda pale kama jiwe la mpaka
kati ya nchi mbili zilizopigana jana.
Miguuni pao dumu la maji, hotpoti ya chapati,
na kuku hai wa kumpelekea shangazi yao Handeni,
kafungwa miguu kwa pindo la kanga yangu ya zamani.

Hatujafika hata Pongwe:
"Baba, tumefika?"
"Karibu," anasema Mhina.
Karibu ya baba yao ni kamba ya mkonge,
ukiivuta inaongezeka.

Muheza tukanunua machungwa.
Hale, mashamba yamechanwa mistari kwa kitana kimoja,
Batuli akahesabu mistari hadi mia mbili na nne,
akapotea, akalia,
akaanza moja.
Segera Kibwana akatapika.
Sikusema kitu. Nilivua mtandio nikafuta.
Mama hana nguo yake safarini.

Kisha Kabuku, kwenye tuta lisilo na alama,
gari likaruka, tukaruka, kuku akaruka,
na Hiza akaita kwa sauti ndogo isiyo yake:
"Mama. Jino."
Lile lililoning'inia tangu Maulidi,
asilotaka liguswe na uzi wala hindi la kuchoma.
Mkononi halipo. Mdomoni pengo tu,
na damu kidogo, kama wino wa mwalimu.

Mhina akaegesha. Tukashusha kila kitu,
kuku tukamweka juu ya boneti.
Trafiki akaja na kitabu chake:
"Leseni. Bima. Mnatafuta nini hapa?"
"Jino, afande."
Akalitazama tairi letu. Akamtazama Hiza.
Akavua kofia, akapiga goti,
akamulika kwa simu chini ya viti,
akatoa shilingi mia mbili, kifuniko cha kalamu,
biskuti ya mwaka juzi,
na hereni yangu ya fedha,
ile niliyomnunia wifi yangu miezi mitatu.

Jino, hakuna.

Hiza alilia hadi Mkata.
"Sasa nitarusha nini juu ya bati?
Panya atanipaje jipya, sijampa la zamani?"
"Panya wa Handeni wanakopesha," baba yake akasema.
Hilo halikumchekesha hata kuku.

Mwanakombo alitupokea uani, mikono ina unga.
Nilikuwa nimevaa hereni zote mbili.
Aliziona.
Akasogeza kigoda chake juani,
changu akakiacha kivulini.
Basi. Hatujaligusa tena jambo hilo,
wala kuku yule hatukumla: anataga mpaka leo.

Jioni Hiza akarusha juu ya bati
punje moja ya hindi, nyeupe.
"Shika hii kwa sasa," akamwambia panya,
"lenyewe lipo njiani."

Juzi nilikuwa naosha gari, maji yametoka kwa kudra,
nikalikuta kwenye reli ya kiti,
kavu, dogo kuliko nilivyolikumbuka.
Nikamwita.
Akaja na miguu yake mirefu, jasho la mpira,
na lile jino jipya, pana, limekaa upandeupande
kama mgeni asiyejua kama kiti ni chake.
Akaliangalia kidogo.
"Hilo la Kibwana," akasema,
akarudi uwanjani.

Nimelifunga kwenye pindo la kanga.
Kuna panya Handeni anatudai,
nami kila Jumamosi nasema nitakwenda,
kisha nalifungua, nalitazama,
nalifunga tena.