Mwimo

Siku ya tatu tulikwangua hadi rangi ya nne.
Kijani cha wakala wa simu kilianguka kwanza,
kisha wekundu wa bucha,
kisha samawati ya baa iliyofungwa
mwaka ule ambao Kisumu hatuutaji kwa tarakimu.
Chini kabisa, juu ya chokaa,
zikachungulia herufi za Kigujarati
zilizojikunja kama maganda ya ukwaju,
na chini yake: RANCHHOD NA WANAWE.

Okumbe, msimamizi, akapiga mluzi, akapiga picha.
"Kwa ukuta huu," akasema,
"mtu atalipa kahawa mara mbili na asiulize chenji."

Mimi nilikuwa nyuma, uchochoroni,
mahali ambapo hakuna apigaye picha.
Mwimo wa mlango wa stoo umelika.
Si mchwa; mchwa haumwezi mvule.
Umelika kwenye kimo cha bega,
pande zote mbili, mbonyeo laini
kama mpini wa jembe la marehemu.

Nikaingiza bega la kulia. Likakaa.
La kushoto likakaa vizuri zaidi.

Babu Obunde alikuwa na bega moja chini.
Tulidhani alizaliwa hivyo.
Nyanya alisema: ukiubeba mji mzima
kutoka behewa hadi stoo, gunia kwa gunia,
utapinda upande ulioubebea.
Kaunta ya mbele hakuwahi kuigusa.
Sukari guru aliinunua kidirishani, huku huku uchochoroni,
ileile aliyoiingiza asubuhi,
na jasho lake humo, alikuwa akisema, bila punguzo.

Mchoro wa msanifu Kageha una mshale mwembamba:
*Mwimo wa nyuma. Ziba, sawazisha, paka vanishi.*

Nikachanganya unga wa mbao na gundi.
Nikakoroga.
Nikaendelea kukoroga.

"Nyar Alego, mbona umesimama?
Usipoziba ufa utajenga ukuta."
Nikamwambia Okumbe, bila kugeuka:
hapa ukiziba, ndipo utakuwa umejenga ukuta.
Akanitazama kama mtu aliyeletewa ankara isiyo yake,
akaenda kugombana na watu wa mabati.

Gundi ikaganda koponi, mwiko umesimama ndani.

Ijumaa Kageha akaja na futi yake.
Akapima kina: sentimita nne.
Akapima tena, safari hii kwa kiganja.
Hakuniuliza kitu. Nami sikumwambia habari za babu;
kuna mambo ukiyasema mbele ya kibao cha mradi
yanageuka kuwa sehemu ya mradi.
Akachomoa kalamu sikioni, akakata ule mshale.

Sasa ghorofani kuna vitabu na mafeni,
chini cherehani kumi na mbili na mashine ya kahawa inayofoka.
Kaunta ya Ranchhod ni meza ya kukatia vitambaa,
na kila mtu anaiegemea, hata watoto wenye viatu vya matope.

Jana lori lilileta buni kutoka Kipkelion.
Kijana wa kubeba, sijui jina lake,
alikuja na gunia shingoni, simu mdomoni,
na alipofika mlangoni hakutazama.
Aliinamisha bega tu kidogo, kushoto,
akapita.