Gramu Kumi na Saba

Akiba haiozi, husema wasemao.
Hawajafungua pakiti ya hopsi
iliyosahauliwa juu ya kabati, Mei hadi Mei,
wakapigwa usoni na harufu ya jibini
lililovaa soksi.

Muuzaji wetu hapa Žalec hapimi chini ya gramu mia.
Sufuria yangu, ile ya supu, hula themanini na tatu,
basi, imeshiba.
Kwa hiyo kila bia niipikayo huacha yatima:
gramu kumi na saba
za maua makavu, mepesi kama karatasi ya sigara,
na vumbi la dhahabu linalonata vidoleni.
Nayapima kwa mizani ya barua.
Miaka thelathini na mmoja posta, dirisha la tatu;
siku ya kustaafu niliondoka nayo mkobani
na hakuna aliyeuliza.

Mashine ya kufyonza hewa sina.
Nina mrija, nina mapafu.
Nauchomeka kwenye kona ya mfuko, navuta
hadi plastiki iyagande maua kama ngozi kwenye mbavu,
halafu pasi ya moto juu ya kitambaa,
tsss.
Hewa imebaki nje, na ibishe hodi itakavyo.
Kisha friza, chini kabisa,
chini ya plamu za dada Ivanka na sungura asiye na kichwa,
gizani,
ambako hata saa hutembea kwa mkongojo.

Haba na haba. Miaka sita. Pakiti ishirini na mbili.

Januari mvua iliganda juu ya nyaya,
nguzo zikalala kifudifudi kutoka hapa hadi mtoni,
umeme ukatuaga siku nne.
Nikaitoa akiba yangu barazani, ghorofa ya nne,
nikaifukia kwenye theluji ya masanduku ya maua,
nikaona haya kidogo:
baridi yote hii bure, nami miaka yote nalipia bili.

Lakini theluji ilikunywa wino.
Jina, mwaka, uzito,
kila lebo ikawa wingu la samawati.
Mimi niliyesoma anwani za walevi na za madaktari
nikashindwa kusoma mkono wangu mwenyewe.

Mtu mwingine angenusa.
Pua yangu iliondoka na homa ya mwaka juzi,
haikuacha hata anwani.

Ndipo nikamwita Tilen wa ghorofa ya pili.
Ana miaka tisa, na mafua hana.
Malipo: kipande cha keki ya jozi kwa kila pakiti saba.
Akadai kwa kila tano. Tukafunga mkataba.
Aliketi mezani kama hakimu, macho kayafumba.
"Hii, penseli iliyochongwa sasa hivi."
Nikaandika: penseli.
"Hii, ganda la chungwa juu ya jiko."
"Hii soksi." Nikaitupa.
"Na hii soksi, lakini za mtu mzuri."
Tukabishana. Nikaitupa shingo upande.
"Hii..."
Alikaa kimya hata nikadhani amesinzia.
"Hii ni ndani ya koti la baba,
wakati ule alipokuwa anakaa kwetu."
Sikuuliza.
Nilimkatia kipande kisichokuwemo kwenye mkataba.

Leo nimepika. Penseli, chungwa, na nusu ya koti.
Dirisha la jikoni linatoka jasho.
Majirani wanasema ngazi zote zinanukia,
nami nasadiki
kama asiyejua kusoma anavyosadiki barua anayosomewa.
Baada ya wiki tano nitamimina glasi.
Harufu itanipita kama treni isiyosimama hapa;
uchungu utashuka,
pale nyuma ya ulimi, na mizigo yake yote.
Uchungu haujawahi kuhitaji pua.

Nusu iliyobaki nimeifyonza hewa, nimeipiga pasi,
na safari hii nimeandika kwa penseli,
ambayo haiogopi maji:
Koti. Gramu nane na nusu.
Si ya kupikia. Ni ya Tilen.