Cheche za Sukari

Wiki ya tatu sasa mtumbwi umelala kifudifudi uani,
theluji juu yake imefika kiunoni mwangu.
Zebaki ya dirishani imejikunyata chini kabisa,
imeganda, haitaki mazungumzo.

Hapa Hearst, kaskazini mwa Ontario, Januari haina haraka.
Sisi watatu tunaoyajua mawe ya Mattawishkwia
kwa namna yanavyokwaruza sakafu ya mtumbwi,
tumegeuzwa watu wa jikoni.
Na mtu wa nje ukimfungia ndani
huanza kuuliza maswali.

Rollande ndiye aliyeanza.
Alichemsha sufuria ya maji, akafungua mlango wa nyuma,
akayarusha juu kwa nguvu zake zote.
Hayakurudi.
Yalitoa sauti ya hariri inayochanwa, yakawa wingu,
na wingu likaenda zake kwa jirani.
Maji yakimwagika hayazoleki;
haya hata kumwagika hayakumwagika.

Basi tukaingia kazini.
Makopo mawili ya jamu, moja la maji ya moto, moja la baridi:
lipi litaganda kwanza?
Jumatatu, la moto.
Jumanne, la baridi.
Fernand, aliyepima mbao kiwandani miaka thelathini na moja
na haamini kitu kisichoandikwa kwa penseli,
akaandika siku iliyofuata: "Jumatano, paka."

Tukabishana kwa nini barafu huteleza.
Tukabishana kuhusu chura wa msituni,
aliyelala sasa hivi chini ya majani, hatua chache tu toka mlangoni,
mgumu kama kokoto, ukimgonga analia ko!
Hapumui. Moyo umesimama.
Ini lake lilimimina sukari mwilini baridi ilipopiga hodi,
na sukari hiyo ndiyo inayolinda nyumba
mpaka Aprili, moyo utakapokumbuka kazi yake.

"Huo utakaoanza tena," Rollande aliuliza,
"ni uleule?"
Penseli ya Fernand ilibaki hewani.
Kiti cha nne kilikuwa pale, kimewekewa magazeti.
Kaka yangu Ovila alikikalia kila majira ya baridi
mpaka huu uliopita.
Hakuna aliyekitazama, na wote tulijua kwamba hatukukitazama.

Ndipo umeme ukakatika.
"Msiwashe mshumaa," Fernand akasema, ghafla kama mtoto,
akapapasa mifuko ya koti, akatugawia pipi,
zile nyeupe, ngumu, zenye harufu ya dawa ya kuchua misuli.
"Subirini macho yazoee. Kaushe mate kila mtu.
Halafu tafuneni, mdomo wazi."

Watu wazima watatu, jumla ya miaka mia mbili na kumi,
tukaketi gizani tukiachamiana kama vifaranga.
Fernand akauma kwa meno yake ya bandia.
Kra!
Na mle mdomoni mwa mzee ikapita cheche ya buluu,
radi ya kimo cha punje ya mchele.

Rollande alipiga ukelele. Akauma yake. Kra! Buluu.
Fernand alieleza, mdomo umejaa:
sukari ikivunjika, umeme hutengana,
hewa iliyo katikati hushtuka, ikang'aa.
Sikumsikiliza vizuri.
Nilikuwa nacheka hadi mbavu zinauma,
na kicheko kikapinda njiani kikawa kitu kingine,
na giza, kwa hisani yake, halikusema.

Usiku wa manane nikiwa kwangu nilichukua gundi ya utepe,
ileile aliyofungia mpini wa kasia lake lilipopasuka.
Nikazima taa. Nikauvuta haraka.
Mstari mwembamba wa mwanga ukakimbia pale unapobanduka,
ukafa nilipoacha, ukarudi nilipovuta.

Nilivuta mpaka ukaisha.
Asubuhi sebule yote ilikuwa imenata,
nami nikampigia Fernand aandike:
Ijumaa, mita ishirini.