Daftari la Ndama

Mwezi ule zamu ilikuwa yangu.
Kumi na wawili walishuka kwenye pikapu zao,
matope ya Santa Fe hadi kwenye vioo,
nami nilikuwa nimepanga kuwaonyesha king'aacho:
mashine mpya ya kukamulia, inazunguka kama pia iliyochoka,
ng'ombe sitini kwa mpigo,
elfu moja na mia mbili kabla jua halijakomaa.

Wakaitazama. Wakaisifu kwa adabu.
Kibuyu cha chai chungu kikapita mkono hadi mkono,
mrija mmoja, midomo kumi na mitatu.
Kisha Ermelinda Bertorello,
yule aliyeuza nusu ya shamba mwaka wa ukame
na kututajia bei bila kupepesa,
akauliza: "Ndama wako wapi?"

Mficha uchi hazai, wasema.
Mimi nilificha, na ng'ombe wakazaa,
na katika kila ndama wanane
mmoja nilimzika nyuma ya mikalitusi.
Daftari lao lililala kwenye droo,
chini ya risiti za dizeli.

Ermelinda alipiga magoti zizini.
Akachota nyasi za matandiko, akazikamua kama nguo:
maji.
Akanusa kiganja.
"Dang'a wanaipata saa ngapi?"
Nikasema, papo hapo. Nikasema, daima.
Nyuma yangu Wilmar wa zamu ya usiku,
ambaye hakuna aliyempa nafasi ya kusema,
alivua kofia.
"Wa usiku husubiri kuche, bwana."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonichoma.
Ottavio akasema kwake ilikuwa vivyo hivyo, miaka mitatu.
Mtu akachora nyuma ya gunia la pumba:
friji, chupa, ndoo ya maji vuguvugu,
dang'a iliyogandishwa ikingoja mzazi wa saa nane usiku.
Wakabishana, lita tatu au nne?
Wakabishana hadi nyama ikaungua jikoni,
tukaila hivyo hivyo, nyeusi.

Leo zamu ni ya Ottavio.
Daftari limo mfukoni mwangu, limekunjika,
lina alama za vidole vya watu wengi.
Katika ishirini, mmoja.
Huyo mmoja bado ananikosesha usingizi.
Wilmar ameketi kando yangu, shati limepigwa pasi.
Ana swali la kumuuliza Ottavio kuhusu kwato.
Amelirudia njia nzima,
kimya kimya,
midomo tu ikicheza.