Matone Matano, Asubuhi na Jioni

Bwana Nampoto, ulisema siku ya tano nije nikueleze.
Leo ni ya tisa. Korosho zimeanza kudondoka,
na hapa Kitangari msimu hausubiri sikio la mbwa.

Siku ya kwanza alinipa sikio kama mtoto anayetolewa funza,
ametulia, ananiangalia kwa jicho la pembeni.
La kwanza. La pili. La tatu lilipoingia
aliruka kana kwamba nimemmwagia uji wa moto,
akatikisa kichwa, pwata pwata pwata,
dawa ikatapakaa ukutani, ikatapakaa kwenye khanga yangu mpya,
maneno yake sasa hayasomeki.
Fadhila akacheka. Na mimi nikacheka.

Jioni hakuna aliyecheka.
Alisikia mfuniko tu, ule mlio mdogo, kak,
akajichimbia nyuma ya magunia ya salfa,
akatoka na manjano puani, anapiga chafya.
Tulimvuta wawili kwa miguu ya nyuma.
Hakuning'ata. Andika hilo, Bwana Nampoto:
aliushika mkono wangu kwa meno,
akaushikilia,
akauachia.

Siku ya tatu sikio lilivimba, ndani jekundu kama bibo.
Akawa anatembea upande, kichwa kimelalia kushoto,
anauzunguka mkorosho uleule mmoja.
Majirani wakasema nimemnywesha uraka.
Nikaacha dawa. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikayapoza,
nikamwosha kwa pamba, polepole, mpaka yakaisha:
maji ya kununua, hapa tunapoyapima kama mafuta ya taa,
nimeyamwagia mbwa sikioni.
Hapo ndipo waliposema hasa.

Nilimwita Mtasema kwa ajili yao.
Jina la mbwa, huku kwetu, ni barua ya wazi:
unamwita mbwa, anayeitika ni jirani.

Siku ya sita uvimbe ulishuka. Harufu imekwisha. Anakula.
Hilo likufurahishe.
Lakini nilimwita, hakugeuka.
Nikamwita tena. Akageuka Bi Somoe, ndoo kichwani.
Nikagonga sufuria nyuma ya kisogo chake.
Nikakifungua kile kichupa chako, kak,
akaendelea kulala.

Sikulaumu. Labda ni dawa,
labda ugonjwa ulishafika mbali kabla sijaja kwako;
wewe ndiye uliyesoma.
Kichupa nimekirudisha, kimebaki nusu.
Usimpe mwingine kabla hujamchungulia ndani.

Zamani korosho ikianguka usiku, tu, juu ya majani makavu,
sikio lilisimama, likalala.
Zikianguka nyingi kwa mpigo alijua ni mkono wa mtu.
Sasa analaza kidevu chini, miguu ya mbele kaitandaza,
kama anayesoma.
Juzi aliinuka kabla mimi sijasikia kitu,
akabweka kuelekea bondeni, bweko la ajabu, la juu mno,
la asiyejisikia.
Asubuhi tuliokota kiroba kitupu na ndala moja ya mguu wa kulia.

Basi ukija kumtazama, usipige hodi.
Hodi ni yetu sisi.
Kanyaga ardhi mara mbili, kwa nguvu,
kisha simama hapohapo,
umsubiri akusome.