Rafu ya Chini

Mimi ndiye niliyekibandika kibandiko kile,
kwa mkono wangu, kwa wino mweusi,
miaka ishirini na miwili iliyopita,
kwenye rafu ya chini kabisa, kando ya bomba la joto:
NCHI ZA MBALI.
Nilidhani nimetenda wema.
Hata herufi nilizipiga rula.

Mji wetu ni mdogo, uko kwenye ncha ya Norwei.
Novemba jua linaaga, halirudi hadi Januari;
watoto huingia shule gizani, hutoka gizani,
na harufu ya kiwanda cha samaki
imeganda kwenye makoti waliyorithi kwa kaka zao.
Kiwanda kiliita mikono; mikono ikaja na watoto.
Hilo hatukulipangia rafu.

Semhar alikuwa na miaka kumi.
Alipiga magoti kwenye zulia, akakisoma kibandiko
kama mtu anayesoma bei,
akaniuliza, bila ukali:
"Mbali na nani?"

Mkutubi hakosi jibu. Nilifungua mdomo,
likanikwama kooni.
Asmara kwake haikuwa mbali:
ilikuwa kwenye simu ya mama yake kila Jumapili,
kwenye moshi wa kahawa, kwenye nywele zilizosukwa.
Kilichokuwa mbali ni hapa.

Nyuma yake alisimama Ánte, mikono mifukoni,
mtoto wa Wasami, ambaye bibi yake
alichunga kulungu wa theluji juu ya kilima kile
kionekanacho dirishani,
kabla hapajawa na shule, wala dirisha.
Kitabu cha kwao tulikuwa nacho kimoja.
Nacho nilikuwa nimekiweka wapi?
Ánte hakusema neno. Alitazama rafu,
kisha kilima,
kisha mimi.

Kesho yake nikakuta kibandiko kimeguswa.
Mwingine angekibandua. Semhar aliongeza neno,
lilelile, kwa kalamu ya kijani, limeinama kidogo:
NCHI ZA MBALI mbali.
Nilicheka peke yangu, halafu nikaketi
pale pale alipopiga magoti,
ndipo nikaona kwamba kutoka pale
mtu haoni dawati langu, haoni saa, haoni mlango.
Anaona mabomba.

Sijisifu. Mengi ya baadaye niliyakosea.
Niliandika "karibu" mlangoni kwa lugha kumi na moja;
Kitamili nikakibandika miguu juu,
Kavinilan akacheka hadi akashikwa na kwikwi.
Nikaandaa siku ya vyakula; Rūta akaniuliza, kwa adabu,
kama ni lazima mtu apike ndiyo asome.
Nikamtafutia Semhar vitabu vya vita na wakimbizi.
Alivirudisha vyote siku hiyohiyo,
akataka kile cha farasi.

Basi nikaacha kuwakaribisha, nikaanza kuwauliza.
Rafu ya chini tuliihamisha kitabu kimoja kimoja:
hadithi ikakaa na hadithi, milima na milima,
wali jirani ya viazi.
Cha Ánte nilimpa mwenyewe akipangie mahali.
Alizunguka chumba kizima, hakufanya haraka,
akakiweka kwenye historia ya mji,
mwanzoni, kabla ya kile tulichokiita cha kwanza,
akakisukuma kwa kidole hadi kikalingana na wenzake.

Jina la Rūta lina kistari juu ya herufi ya pili.
Mashine ya kadi haikitaki.
Nakichora kwa mkono.

Semhar sasa yuko sekondari, ng'ambo ya barabara.
Kile kitabu cha farasi hajakirudisha tangu Machi.
Kila asubuhi mashine inaniuliza:
nimtumie barua ya faini?
Nje giza, theluji, taa ya kiwanda.
Kibandiko chake kiko dawatini, chini ya kioo.
Naijibu mashine: kesho.